Tajiri wa tramu aliyetaka nauli ishuke

Tangu juzi namsoma Tom L. Johnson, meya wa Cleveland, Ohio, kuanzia 1901 hadi 1909. Kila nikidhani nimemwelewa, ananiponyoka.

Utoto wake ndio ulioninasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, baba yake, aliyepigania upande wa Kusini, alibaki hana kitu. Familia ilikuwa Staunton, Virginia, ambako treni ilifika mara moja kwa siku. Tom akazoeana na kondakta, na kondakta akaamuru kwamba magazeti yatakayopanda treni yake ni ya mtoto huyu tu. Gazeti moja senti 15! Watu walikuwa na kiu ya habari, nani angebisha bei? Kwa wiki tano alikusanya dola 88, zikawatosha wazazi kuhama. Halafu kondakta akahamishwa, na biashara ikafa papo hapo.

Kwa hiyo ukiritimba aliujua kabla hajaota ndevu. Ukubwani akatajirikia kwenye tramu, yaani magari ya abiria ya reli za mitaani, za Indianapolis, Cleveland na Detroit. Hata kisanduku cha kioo cha kutumbukizia nauli ni ubunifu wake. Hela ya abiria haikuwa na njia ya kupotelea mfukoni mwa mtu.

Kisha, safarini kwenye treni, akauziwa kitabu cha Henry George, aliyefundisha kwamba thamani ya ardhi ni ya jamii nzima. Akamtaka mwanasheria wake amwonyeshe mafundisho ya George yalipokosea. Mwanasheria naye akaishia kushawishika.

Hapa ndipo ninapokwama. Johnson hakuacha kuchuma baada ya kusoma. Aliendelea kukamata njia za tramu huku akisema waziwazi kwamba sheria inayomruhusu ni mbovu. Rafiki yangu niliyemsimulia alicheka: "Si mnafiki huyo?" Mimi nasita. Mnafiki huficha, na huyu alikuwa akipiga hema kubwa mitaani, anaeleza watu jinsi matajiri wenzake wanavyokwepa kodi, na anakaribisha maswali kutoka kwa yeyote. Mtu aliyekuwa jikoni anajua chumvi imewekwa wapi. Ila pia, tusimpambe mno: kuyasema hayo ukiwa umeshashiba ni rahisi kidogo.

Vita vyake vikubwa vilikuwa nauli ya senti 3 badala ya 5, na tramu ziwe mali ya mji. Mwaka 1908 mpango wake ulianza kufanya kazi, ukakumbwa na mgomo, kisha wapiga kura wakaukataa. Mwaka uliofuata Herman Baehr akamwangusha kwenye uchaguzi. Aprili 1911 akafariki, akazikwa Brooklyn karibu na Henry George.

Tayari mwaka 1910, chini ya mkataba uliosimamiwa na jaji Tayler, tramu za Cleveland zilikuwa zimeanza kutoza senti 3, lakini mikononi mwa kampuni binafsi. Mji ulikuja kuzinunua mwaka 1942.