Maganda ya Chungwa Yalivyonifundisha Bustani za Copenhagen

Kabla sijaondoka Dar es Salaam kwenda Denmark kusoma usanifu wa mandhari, kaka mmoja aliyenitangulia kimasomo alinipa ushauri ambao hadi leo nikiukumbuka hunikera: "Anza na Superkilen, dada, upige picha nyingi, bustani za kule zinajieleza zenyewe." Nikamtii kama mgeni anavyomtii mwenyeji.

Superkilen, bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 2012 katika mtaa wa Nørrebro jijini Copenhagen, kweli inapendeza kwenye picha: kuna uwanja mwekundu, uwanja mweusi wenye mistari myeupe, kisha vilima vya nyasi, na kati yake vitu vilivyochaguliwa kutoka zaidi ya nchi 50 ambazo wakazi wa mtaa huo wana asili yake, kama chemchemi ya Morocco na pweza wa Kijapani ambaye watoto huteleza juu yake. Nilipiga picha karibu mia nne na kuandika kurasa kumi na mbili kuhusu rangi. Mwalimu wangu alifunua kurasa mbili, akaifunga ripoti, akaniuliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Sikuwa na jibu, mimi niliyekulia kando ya bonde la Msimbazi na kuona majirani wakipandisha magodoro darini masika yanapochachamaa!

Swali lile lilikuwa na sababu yake. Tarehe 2 Julai 2011 mvua ya zaidi ya milimita 100 iliinyeshea Copenhagen kwa saa chache, mabomba ya majitaka yakazidiwa, na vyumba vya chini ya nyumba vikajaa maji. Mwaka uliofuata jiji lilitoa mpango wa kukabiliana na mvua za namna hiyo, na tangu hapo bustani nyingi zimekuwa zikichorwa kwa kufuata mkondo wa maji kwanza, uzuri ukija pamoja nao. Jambo hilo halionekani kwenye picha ya siku ya jua.

Basi nikanunua baiskeli ya mtumba kwa krona mia kadhaa na koti la mvua (mwavuli usihangaike nao, upepo wa kule utaupindua kabla hujavuka barabara), nikawa nasubiri mvua. Ilipokuja, watu wote wakikimbilia ndani, mimi nilitoka na mfuko wa maganda ya chungwa niliyoyakata vipande vidogo. Ganda la chungwa huelea, na rangi yake huonekana hata kwenye maji meusi. Nilikuwa naliweka juu ya mteremko, kisha nalifuata nimeinama kama mtu aliyepoteza hereni. Pale Sankt Kjelds Plads, mzunguko wa magari ambao sehemu kubwa ya lami yake iliondolewa ili kupisha miti na mabonde madogo ya mimea, ganda langu la tatu liliambaa na ukingo wa barabara, likapita kwenye pengo ambalo nilikuwa nimelivuka mara tano bila kuliona, likatumbukia kati ya majani. Nilishangilia kwa sauti. Bibi mmoja mwenye mbwa akasimama kuniuliza kama naumwa; nilipomweleza, alinionyesha kwa kiganja, sawa na kiuno chake, mahali maji yalipofika kwenye stoo yake mwaka ule wa 2011. Maganda yote niliyaokota, isipokuwa mawili.

Tåsinge Plads, kiwanja kidogo cha wazi, iko karibu na hapo, na ilikamilika mwaka 2014. Ile miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ambayo awali niliidhania kuwa mapambo, hukusanya maji ya mvua. Maji ya barabarani, ambayo wakati wa baridi hubeba chumvi ya kuyeyushia barafu, hutengwa na maji safi ya mapaa, kwa kuwa chumvi huua mimea. Enghaveparken nako sikuhitaji maganda: bustani hiyo ya miaka ya 1920 ilitengenezwa upya ili iweze kushika meta za ujazo 22,600 za maji, na ukuta mfupi ambao watu huukalia wakila aiskrimu ndio unaozuia maji yasimwagikie mtaani.

Nilipokwenda Nærum, kaskazini mwa Copenhagen, kwenye bustani 40 za umbo la yai zilizobuniwa na msanifu wa mandhari wa Denmark C. Th. Sørensen miaka ya 1940, kamera niliiacha nyumbani. Picha zake za kutoka angani zinajulikana sana, lakini ukiwa chini huoni mayai yoyote. Unaona kuta za majani tu, kila mwenye bustani akiwa na mkato wake. Nilizunguka mojawapo nikihesabu hatua, nikachoka, ndipo nikagundua kwamba nyasi kati ya bustani hubanwa na kupanuka, mithili ya vichochoro vya Mji Mkongwe vinavyokufikisha ghafla uwanjani. Kumbe Sørensen alichora pia ule uwazi wa katikati, na uwazi huo ndio ulio wa kila mtu.

Ripoti yangu ya pili ilikuwa na kurasa tano na picha moja, ya ganda lililonasa kwenye mizizi. Ilifaulu. Kaka yule aliponiomba picha za Superkilen, nilimtumia zote mia nne.