Siku Nzima na Lezi Mpya Karakanani

Saa 1 asubuhi. Lezi, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, imefungwa kwenye chaga za mbao, imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Naanza na burashi na mafuta ya taa, milango wazi. Gari la mashine, lile linalobeba kisu, silisogezi hata kidogo mpaka reli linazotelezea ziwe safi, maana mchanga ulionasa kwenye grisi hukwaruza. Reli zikishang'aa napaka oili, ndipo nalisukuma gari hadi mkiani, mwisho wa pili wa mashine, ili lisawazishe uzito wa kichwa, penye gia.

Saa 3. Kunyanyua. Mkanda unapita chini ya kitanda, ule mwili mrefu wenye reli, mbali na ile skurubu ndefu ya mbele. Hiyo ikipinda, kukata nyuzi za bolti sahau. Mwenzangu anavuta mnyororo wa winchi, mimi naongoza, na hakuna anayeweka mguu chini ya mzigo.

Saa 4. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningeomba mtu yeyote mwenye lezi mpya asiparuke. Nina pima maji ya mafundi mashine, ambayo alama yake moja ni mwinuko wa 0.02 mm kwa mita. Naiweka kukingama reli karibu na kichwa, nasoma kiputo, kisha naihamishia mkiani. Lazima kisome vilevile. Sitafuti mashine iliyolala sawa na ardhi. Lezi za melini hufanya kazi huku meli ikiyumba. Natafuta kitanda kisichojisokota. Chuma cha kalibu kinaonekana kama hakiwezi kupinda kabisa, lakini nakaza bolti moja ya mguu robo mzunguko tu na kiputo kinahama mbele ya macho yangu. Nalegeza, natia kibati chembamba, nakaza, nasubiri kitulie, nasoma tena. Mpaka saa 7 niko hapohapo.

Saa 8. Umeme. Mota ni ya fezi tatu, na spindo, mhimili wa kichwani unaozungusha kazi, inazunguka kinyume. Fundi umeme anazima swichi kuu, anabadilishana nyaya mbili kati ya tatu, basi. Oili ya kichwani naijaza hadi alama ya kioo, halafu naiacha spindo izunguke kwa mwendo wa chini kabisa huku nikigusa kichwa kwa kiganja, upande wa beringi. Joto kidogo ni sawa. Kuunguza, hapana.

Saa 10. Jaribio. Nafunga mtaimbo wa mviringo wa 40 mm kwenye kibanio, yale meno ya mbele ya spindo yanayoshika kazi, umetokeza 150 mm bila kushikwa na mkia. Natoa ufunguo wa kibanio kabla mkono haujafika kwenye swichi. Glovu sivai, mikono ya shati nimekunja. Nakata pete mbili, moja karibu na kibanio na moja mwishoni, kwa kina kilekile, kidogo sana, bila kugusa mpini wa kusogeza kisu kati ya pete hizo. Maikromita inaonyesha pete ya nje ni nene zaidi kwa 0.03 mm. Maana yake kisu kinakimbia chuma kadiri kinavyoelekea mkiani. Naongeza kibati chini ya mguu wa mbele wa upande huo, nakata upya.

Saa 12 jioni pete zote mbili zinasoma sawa. Nafagia mabaki kwa burashi, napaka reli oili. Zege na bolti zikishatulia, wiki chache zijazo, pima maji itarudi juu ya reli.