Talaka ya Leipzig mbele ya jaji wa Mbeya

Kwa Wajerumani, mimi na mzazi mwenzangu tuliacha kuwa mke na mume siku hukumu ya mahakama ya familia ya Leipzig ilipokuwa ya mwisho. Kwa daftari la ndoa la hapa nyumbani nilikuwa bado mke wa mtu. Ndoa yetu ilifungwa kanisani Tukuyu na kusajiliwa hapa hapa, na hakuna aliyelipelekea daftari lile habari za Leipzig. Naandika haya kwa ajili ya wanawake wenzangu, maana tupo wengi tulioolewa huku, tukaachana ughaibuni, tukarudi na bahasha ambayo hakuna ofisi inayoipokea.

Jambo lenyewe liliibukia benki. Nanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, nikataka mkopo wa kuongeza mtaji, na dhamana ikawa nyumba yangu ya Uyole. Afisa mikopo akapitia faili, akauliza, "Mama, mzee atakuja lini kusaini?" Alikuwa anafanya kazi yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakataza mmoja kuiuza au kuiweka dhamana nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Sheria hizo nazipenda. Nawajua akina mama hapa Mbeya ambao bila hizo wangeamshwa na dalali wa mnada. Basi nikamtolea yule kijana hukumu yangu ya Kijerumani. Akaifunua ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hii sisi hatuwezi kuifanyia kazi, mama. Lete ya mahakama ya hapa."

Kuanzia hapo kila mtu akawa na ushauri. Shangazi alisema nifungue talaka upya, nimalizane nayo. Kwetu hilo lina njia yake: unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, wanajaribu kuwapatanisha, wakishindwa wanatoa hati ya kuthibitisha kwamba wameshindwa, ndipo unakwenda mahakamani. Nilikataa. Nisuluhishwe ndoa ipi? Mwenzangu ameshaoa tena kule na ana mtoto mchanga. Ningekwenda mbele ya wazee wa baraza nikaapa kwamba mimi bado ni mke wake, nikijua si kweli, kisha nikaomba mahakama ivunje kitu ambacho hakipo. Nilihisi, na bado nahisi, kwamba mtu hapaswi kupitishwa kwenye talaka ileile mara mbili. Ya kwanza ilinitosha.

Aliyenielewa ni wakili mmoja mwanamke, ofisi yake ipo ghorofani maeneo ya Kabwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, wewe huhitaji talaka, unayo. Unachohitaji ni mahakama itamke kwamba inaitambua."

Akanifungulia Sheria ya Ndoa ileile ya mwaka 1971. Sheria inasema hukumu ya ndoa iliyotolewa na mahakama ya nje yenye mamlaka itatambuliwa Tanzania Bara, na haijalishi ndoa ilifungwa hapa au kwingine, mradi mmoja wa wanandoa alikuwa na maskani yake ya kisheria (pale anapohesabiwa kuwa ni kwao kwa kudumu) katika nchi ile, au alikuwa ameishi huko kwa angalau miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Ipo na njia nyingine, ya hukumu kuwa imekwisha kutambuliwa na mahakama ya nchi ambayo ndiyo maskani ya wanandoa au ya mmoja wao. Sisi tulishika ile ya miaka miwili. Suala la maskani lingeweza kuzua ubishi, maana mwenzangu siku zote alisema atarudi kujenga kwao Makambako. Kuishi ni jambo la kuonyesha kwa karatasi.

Na karatasi iliyobeba shauri zima ni moja ambayo kule watu huichukulia kama kitu cha kawaida kabisa. Ujerumani ukihamia mahali lazima ujiandikishe ofisi ya wakazi ya mji, na ofisi hiyo inaweza kukupa cheti kinachoonyesha umeishi anwani ipi tangu tarehe ipi. Rafiki yangu Mkinga aliyebaki Leipzig alinifuatilia cheti changu. Kilionyesha miaka mingi kuliko ile miwili inayotakiwa. Wakili alipokiona alikiweka juu kabisa ya faili, juu hata ya hukumu yenyewe.

Kuhusu hukumu, tazama muhuri. Mahakama ya Ujerumani ikishatoa uamuzi wa talaka kuna mwezi mmoja wa kukata rufaa, na nakala unayopewa mwanzoni haina maneno ya kuthibitisha kwamba uamuzi umekuwa wa mwisho. Maneno hayo hugongwa baadaye. Kuna watu wanarudi nyumbani na nakala ya kwanza, na hiyo kwa jaji wa hapa ni habari ambayo haijaisha. Mkinga wangu aliniombea nakala yenye muhuri. Baada ya hapo ikabidi ithibitishwe: mkuu wa mahakama ya juu yake pale Leipzig athibitishe sahihi, ofisi ya serikali kuu inayoshughulika na nyaraka za kwenda nje iongeze uthibitisho wake, ndipo ubalozi wetu Berlin ugonge. Hatua hizi zinafuatana, huwezi kuruka hata moja.

Tafsiri tuliipeleka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Sehemu kubwa ya hukumu yangu si talaka kabisa, ni mahesabu ya pensheni, kwa kuwa mahakama ya kule ikivunja ndoa hugawa pia haki za pensheni ambazo kila mmoja alijichumia wakati wa ndoa. Niliuliza kama tunaweza kutafsiri zile kurasa za talaka tu. Wakili akakataa katakata: jaji akiona hukumu iliyokatwa vipande atajiuliza kilichofichwa ni nini.

Mzazi mwenzangu, namshukuru kwa hili, hakuleta pingamizi. Alikula kiapo kwa maandishi kwamba alijulishwa shauri la Leipzig, alikuwa na wakili, alisikilizwa, na hana tatizo na maombi yangu. Kiapo hicho kilitusaidia sana, kwa sababu swali la kwanza la Jaji lilikuwa hilohilo: je, mjibu maombi alipewa nafasi ya kujitetea kule? La pili likawa tarehe. Aliomba cheti cha makazi na ile tarehe ya kufungua shauri Leipzig, akavilaza pamoja, akawa anahesabu kimyakimya na kalamu mkononi. Nilisahau hata baridi ya Julai iliyokuwa inapita kwenye madirisha.

Uamuzi ulisomwa kwa Kiswahili. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na siku ile niliona faida yake kwa macho yangu. Mama yangu alikuja kutoka Tukuyu, akakaa benchi la nyuma na kitenge chake mabegani, na alielewa kila neno. Leipzig mimi mwenyewe nilihitaji mkalimani nisikie kwamba ndoa yangu imekwisha. Tulipotoka nje alinishika mkono akamwambia wakili, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Wakili si Mnyakyusa, ila alielewa.

Kutoka hapo mambo yalikwenda upesi. Nilichukua nakala ya amri iliyothibitishwa, nikaipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, talaka isajiliwe, na benki wakapokea faili bila kumwuliza mzee.

Lakini ieleweke kwamba amri ile inasema ndoa imekwisha, basi. Haikugawa mali. Leipzig waligawa pensheni, hawakugusa shamba letu la migomba na parachichi kule Rungwe, ambalo hati yake ina jina la mzazi mwenzangu peke yake. Nililipalilia kabla hatujasafiri, na tukiwa kule nilikuwa nalea watoto wakati yeye anatuma hela za vibarua. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Wakili ameshamwandikia barua. Amejibu kwamba angependa tuyazungumze kwanza kifamilia, nami nimekubali, kwa sharti kwamba tutakachokubaliana kiandikwe na kipelekwe mahakamani kisajiliwe. Baba mdogo atakaa upande wangu, kaka yake atakaa upande wake, na yeye atakuwa kwenye simu.