Karafuu zikizaa Pemba nzima inakula

Kuna mazungumzo siku hizi nayasikia sana, kwenye boti, barazani, hata kwenye magrupu ya Watsapu, kwamba Zanzibar sasa ni utalii na hayo mambo ya shamba ni ya wazee. Nafahamu yanakotoka. Ukikaa Nungwi au Paje huko Unguja ukatazama mahoteli yalivojipanga utaamini kila mtu visiwani anakula kwa mgeni, na kweli kwenye pato la Zanzibar huduma, utalii ukiwa ndani yake, ndo zimebeba sehemu kubwa kuliko kilimo. Lakini hio ni sehemu tu ya Zanzibar. Njoo Pemba, panda gari kuanzia Mkoani upite Chake mpaka Konde, tazama mahoteli utakayoyaona njiani halafu tazama mikarafuu, kisha ndo tuzungumze.

Mie ni mtoto wa upande wa Wete, nimekulia kwenye karafuu. Madaftari, sare za skuli, viatu vya Sikukuu, nauli ya boti nilivokuja Unguja kusoma, vyote hivo vilitoka kwenye jamvi la karafuu. Kwa hio mtu akisema kilimo kimepitwa na wakati naumia kwa kweli, maana najua anaemzungumzia ni mama yangu, ni ami zangu, ni kijiji kizima.

Asiewahi kukaa Pemba wakati wa msimu hawezi kuelewa. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, mwaka huu utazaa mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili unakupa kidogo tu kama unajipumzisha. Sasa ule mwaka wa karafuu nyingi, kuanzia kama mwezi wa saba kwenda mbele, kisiwa kinabadilika. Wachumaji wanamiminika, wengine wanatoka Unguja kabisa, wanapiga kambi mashambani, mwenye shamba anatafuta watu wa kumchumia maana karafuu hazisubiri, shada likishaanza wekundu inatakiwa lichumwe, ukichelewa ua linafunguka, kile kichwa kinadondoka na karafuu haina tena thamani ile. Nakumbuka wazee wanavosimulia kuwa zamani hata skuli zilikuwa zinafungwa ili watoto wakachume. Mti mzima unachumwa kwa mkono, shada kwa shada, hakuna mashine. Mchumaji analipwa kwa pishi, yaani kipimo cha karafuu alizochuma, kwa hio anaejua kazi na mwenye mikono myepesi anarudi na pesa nzuri siku hiohio.

Magharibi ikiingia inaanza kazi nyengine ambayo watu hawaizungumzii kabisa, nayo ni kuchambua. Hapa ndo kinamama na watoto. Jamvi linatandikwa, karafuu zinamwagwa katikati, watu wanazunguka. Shada unalishika kwa mkono mmoja, unalizungusha kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka jamvini na makonyo, vile vikonyo vya shada, yanabaki mkononi, unayatupa upande wake, unachukua shada jengine. Mtu aliezoea haangalii hata mikono, anazungumza, anacheka, anambembeleza mtoto, na lundo linakua. Vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki kwa sabuni yoyote. Na makonyo hayatupwi, yanaanikwa nayo yanauzwa, yanakwenda kiwanda cha Wawi pale Chake Chake kukamuliwa mafuta.

Asubuhi zinaanikwa. Kama jua kali siku tatu, nne zimekauka, kama kuna mawingu ndo shughuli. Anika, geuza, wingu likitokea upande wa bahari nyumba nzima inatoka mbio kuanua, hata mtu aliekuwa anakula anaacha sahani, maana karafuu mbichi ikirowa na kurundikwa inavunda, inageuka rangi nyeupenyeupe, na ukifika kituoni unapewa daraja la chini au unarudishwa nayo. Nzuri ile ina rangi ya kahawia, kichwa chake kimekaa, ukiivunja inalia kwa ukavu. Na uelewe kuwa kilo tatu za mbichi, ukishakausha, unapata kilo moja hivi. Ndo maana nawaambia watu bei ya kilo moja wanayoisikia redioni msidhani ni pesa ya bure, hio kilo imepita mikono ya watu wangapi mpaka kufika pale.

Sasa fuata pesa yenyewe. Mwenye shamba anapeleka karafuu kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, zinapimwa, analipwa. Kabla hajafika nyumbani ameshalipa wachumaji. Wachumaji wamelipa dukani walikokuwa wanakopa mchele na sukari, mwenye duka amekwenda mjini Chake kuongeza bidhaa, muuza samaki kapandisha bei maana anajua watu wana pesa, fundi cherehani halali, fundi wa ujenzi anaitwa nyumba tatu kwa wiki moja maana kila mtu anataka kutoa makuti aweke bati, bodaboda hazina nafasi, na msimu ukimalizika tu harusi zinafuatana kila wiki. Yupo anaekwenda kulipia Hijja. Yupo anaempeleka mgonjwa wake hospitali alieugua tangu mwaka jana wakisubiri karafuu. Hapo hakuna mtu hata mmoja alieko nje ya kilimo, hata yule fundi simu ambae hajawahi kupanda mti maishani mwake. Na mwaka ambao karafuu hazikuzaa utaona kinyume chake, daftari la madeni dukani linajaa, vijana wanapanda boti kwenda Unguja na Dar kutafuta, mahari zinasogezwa mbele.

Historia ya huu mti si nzuri yote na sipendi tunavoipamba. Asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, kwetu ulifika mwanzo wa karne ya 19, na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, ndie alieusukuma mpaka Unguja na Pemba zikawa ndo soko la dunia. Lakini waliochimba mashimo ya kupandia na kuchuma hizo karafuu ni watumwa, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria hapa mpaka 1897. Lazima tuliseme. Halafu mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikubwa kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar ni za Pemba mpaka leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali na familia nyingi zikagaiwa zile eka tatu tatu, wengine ndo mara ya kwanza kuwa na shamba lao.

Ikaja miaka mibaya. Mkulima akipewa bei ndogo mno kulinganisha na ilivokuwa inauzwa nje, na ng'ambo ya bahari Mombasa na Shimoni, huko Kenya, kuna wanunuzi wanatoa zaidi, wewe ungefanya nini? Magendo yakashamiri, na kuna wakati adhabu yake ilifika mpaka kifo, lakini bado watu walivusha usiku kwa ngalawa. Kilichobadilisha mambo hasa ni bei. Mwaka 2011 ilipandishwa mpaka kufika shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na wenyewe watu wakazipeleka karafuu zao vituoni mchana kweupe. Mashamba yaliokuwa pori yakafyekwa mwaka uleule. Mie naamini kabisa kuwa mkulima hafai kufundishwa uzalendo, alipwe haki yake tu, kazi atafanya.

Ingawa bei nayo si yetu peke yetu. Mnunuzi mkubwa wa karafuu duniani ni viwanda vya kretek, zile sigara zinazotiwa karafuu, vya Indonesia, na Indonesia hiohio ndo inayolima karafuu nyingi kuliko mtu yeyote. Wao wakivuna vizuri bei inashuka, wakikosa inapanda, sie tunakaa kusikiliza. Kwa hio ukisema Pemba nzima inategemea karafuu umesema pia kuwa Pemba nzima inategemea mvua ya nchi nyengine, na hilo ndo linalonifanya niseme tusiuache huu mti lakini tusikae nao peke yake.

Na kwa kweli hatuko nao peke yake, ila tu chakula hakihesabiki kama pesa. Nenda jikoni kwa mtu yeyote kijijini, muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, kisamvu, vyote havikupita sokoni. Vimetoka shamba vimekwenda chunguni. Mwaka wa shida ya karafuu huo muhogo ndo uliotulea. Mpunga tunalima kwenye mabonde, kazi kubwa ni ya kinamama hapo pia, lakini hautoshi, mchele mwingi tunaokula unatoka nje na bei ikipanda huko tunaumia siku hiohio.

Halafu kuna upande wa mashariki, Micheweni huko, ardhi ni mawe matupu, mkarafuu hausimami. Kule kinamama wanalima baharini. Mwani umeanza hapa Zanzibar kama biashara mwishoni mwa miaka ya 80 na sasa wakulima ni maelfu, wengi sana wanawake. Bamvua likija maji yakatoka mbali, wanashuka na vigingi na kamba, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja huku wameinama majini, jua la saa sita kichwani, maji ya chumvi miguuni. Unaanikwa, unanunuliwa, unasafirishwa nje kutengenezewa vitu vya kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Ile aina ya mwani inayoitwa kotonii, yenye bei nzuri, imekuwa inakufa kwa sababu maji ya pwani yanapata joto, wamebaki na aina nyengine, spinosamu, ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Lakini muulize mama wa mwani atakwambia hio pesa kidogo ni yake, haiombi kwa mtu, ameinunulia kitanda na amemlipia mtoto masomo ya ziada. Hilo kwangu mie ni jambo kubwa.

Sasa kinachoniuma. La kwanza ni watu wanaoanguka. Mkarafuu una matawi yanayokwanyuka kirahisi, na karafuu nyingi ziko nchani, kwa hio kila msimu tunasikia fulani kaanguka, wengine wanavunjika mguu, wengine mgongo na hawasimami tena, wengine wanakufa. Kijijini kwetu yupo mzee ambae nilimjua tangu mdogo akiwa kwenye kiti, alianguka akiwa kijana. Mwenye shamba ukiajiri mtu mtafutie kamba nzuri, usimpandishe mti umerowa asubuhi, na usimwache mtoto akapanda. Sijui kwa nini hili tunalizoea.

La pili ni miti yenyewe. Mikarafuu mingi ni ya mababu, imezeeka, ukipita mashambani unaona mengine imesimama mikavu, mchwa wameimaliza, mengine imekatwa kuni. Mrithi wa kwanza yuko Unguja, wa pili yuko Dar, wa tatu yuko Muscat, wa nne anakuja msimu tu kukodisha mti kwa mtu, anachukua chake anaondoka. Hakuna aliefyeka, hakuna alietia mche. Nawaelewa, shamba la watu kumi na wawili haliwi la mtu. Lakini mkarafuu ukiupanda leo unasubiri kama miaka sita mpaka minane ndo uanze kukupa, kwa hio kila mwaka tunaoacha kupanda ni deni ambalo watoto watakuja kuliona mbele.

Mwaka jana tulikaa kama ukoo, kinamama na kinababa, tukakubaliana shamba la babu lisigawiwe, lipandwe kwanza, na kila aliopo mbali atoe pesa ya kufyekea na ya kijana wa kumwagilia. Ilichukua mazungumzo marefu na kuna walionuna. Miche tumepata bure, Serikali inaitoa kila mwaka, wewe zungumza na sheha wako, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa, au bwana shamba kabla ya masika hayajaingia, usisubiri mvua ishaanza maana miche inakuwa imemalizika. Chimba shimo mapema, tia samadi, pandia kwenye mvua, na mche usiuwache juani, uwekee kivuli cha makuti au panda katikati ya migomba. Kiangazi cha kwanza ndo kinaua mingi, hapo usiache kumwagilia. Kama kuna mchwa chimbachimba pembeni uwaondoe mapema. Kwetu iliokufa tumeshaipandia mengine, na safari hii mjomba kasema ataweka na migomba zaidi kwa ajili ya kivuli, ndizi zenyewe tutakula.

Kama na nyinyi mna shamba la wazee limelala huko Mtambwe, Ole, Kengeja, popote, niandikieni hapo chini mmefanyaje na ndugu mliogawana, maana hapo ndo wengi tunapokwama.