Nilivyoituliza htop kwenye saiba ya Langoni, Lamu

Vijana wanaosimamia saiba walikuwa wakifungua htop, programu inayoonyesha kinachoendeshwa kwenye mashine na memori kinayotumia, na kutishika. Brauza moja inajaza skrini nzima, kila mstari na kiwango kilekile cha memori. "Kaka, imekula yote!" Wanazima mashine, kazi ya mteja inapotea.

Memori haikuliwa hivyo. Mistari mingi ilikuwa nyuzi (threads), yaani kazi ndogondogo ndani ya programu moja, zinazotumia memori ileile, na htop huzionyesha usipoikataza. Nikabonyeza Shift+H, zikafichwa. Kisha M, ili ipange kwa memori, maana kwenye mashine hizi kuukuu prosesa si tatizo sana. Rangi ya njano kwenye mstari wa memori ni kashe tu, yaani data ya diski iliyohifadhiwa kwa muda; kerneli, kiini cha mfumo, hurudisha sehemu kubwa yake ikihitajika. Hilo nimelieleza mpaka sauti imekauka.

Halafu kasi. Kawaida htop hujisasisha kila sekunde 1.5. Mimi nikiwa Shela huziangalia mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali; mtandao ukichechemea skrini inakuwa kama wimbi. Nikaweka sekunde 5: kwenye htoprc, faili ya mipangilio ya htop, ni `delay=50`, maana huhesabu sehemu za kumi za sekunde.

Nikatoka kwa q, kwa sababu htop huandika mipangilio inapofungwa, ndipo nikainakili faili hiyo kwenye /etc, itumike kwa akaunti zote:

`sudo cp ~/.config/htop/htoprc /etc/htoprc`

Akaunti zilizokuwa na htoprc yake zilipuuza hiyo ya /etc. Nikazifuta zile za zamani, htop ikiwa imefungwa. Anayependa rangi zake aziweke upya mwenyewe.