Muziki wa 5.1 ukibanwa, sikiliza spika za nyuma kwanza

Ukitaka kujua faili la muziki wa 5.1 (spika tano na sabufa, yaani spika ya besi) limeumia kiasi gani baada ya kubanwa, yaani kupunguzwa ukubwa, usianze na mwimbaji. Yeye yuko mbele, na huwa wa mwisho kuharibika. Zima spika za mbele, acha mbili za nyuma zipige zenyewe, kisha tega sikio kwenye matoazi, makofi ya watazamaji na mwangwi wa ukumbi.

Sababu iko kwenye hesabu. Chaneli 6 ambazo hazijabanwa, za biti 24 na sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, zinakula kilobiti 6,912 kila sekunde. Kwenye DVD-Video, Dolby Digital (AC-3), mfumo wa kubana sauti, haivuki kilobiti 448 kwa sekunde. Chaneli ya sabufa inadai kidogo sana maana inaishia herzi 120, kwa hiyo zile 5 nyingine zinapata wastani wa karibu kilobiti 90 kila moja. MP3 ya stereo ya kilobiti 320 ina 160 kwa kila upande! Tena mgawo wenyewe si sawa kwa sawa: biti zinachotwa kapu moja, na ngoma zikipamba moto mbele, spika za nyuma hubaki na makombo.

Biti zikiwa haba, kodeki (programu inayobana na kufungua sauti) huunganisha masafa ya juu ya chaneli kadhaa kuwa mkondo mmoja, na kuandika pembeni kila chaneli ipewe nguvu kiasi gani. Nguvu inabaki, ila tofauti ndogondogo za fezi (wakati mawimbi yanapopanda na kushuka) kati ya chaneli zinapotea, na upana wa ukumbi unategemea hizohizo. Ndiyo maana makofi yaliyotakiwa kukuzunguka hugeuka mchakacho mmoja, uleule kila upande.

Kasoro nyingine ni kelele inayotangulia mlio. AC-3 huchambua sauti kwa vipande vya sampuli 512, kama milisekunde 10.7. Kijiti kikigonga toazi katikati ya kipande, kelele ya ubanaji hutapakaa kipande kizima, hata sehemu iliyokuwa kimya. Kodeki hujaribu kujinusuru kwa kutumia vipande vifupi zaidi, lakini biti zisipotosha bado utasikia "sss" fupi kabla ya pigo.

Kupima, chukua FLAC (faili la sauti lililobanwa bila kupoteza kitu) ya 5.1 yenye sampuli 48,000 na ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili kwa amri za maandishi:

ffmpeg -i asili.flac -c:a ac3 -b:a 448k jaribio.ac3
ffmpeg -i jaribio.ac3 -c:a pcm_s24le jaribio.wav

Fungua asili na jaribio kwenye programu ya kuhariri sauti, vuta moja hadi zilingane sampuli kwa sampuli (kodeki huweza kuchelewesha jaribio kwa sampuli 256), geuza polariti ya moja (wimbi lipinduliwe juu chini), changanya. Kinachobaki ndicho kilichobadilika. Usitishwe na wingi wake, kwa kuwa sehemu kubwa hufunikwa na muziki wenyewe. Cha kuangalia ni chaneli ipi imebadilika zaidi na wakati gani. Rudia kwa 640k usikie tofauti. Unapolinganisha kwa masikio, zima hali ya usiku (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) kwenye risiva, mashine inayoendesha spika, na sawazisha ukubwa wa sauti, maana yenye nguvu kidogo zaidi huonekana bora hata kama si bora.

MP3 ya stereo ya kilobiti 128 iliyopanuliwa na risiva kuwa 5.1 ni janga tofauti. Risiva hupeleka nyuma kile kinachotofautiana kati ya kushoto na kulia, na hapo ndipo MP3 ilipobania biti. Utasikia kububujika ambako kwenye stereo kulikuwa kumefichwa.

Kwa kuhifadhi, tumia FLAC, inabeba hadi chaneli 8. TrueHD na DTS-HD Master Audio, mifumo ya sauti ya Blu-ray, nazo hurudisha kila biti, ila angalia njia ya kupitia: kebo ya optiko haibebi TrueHD wala PCM (sauti isiyobanwa) ya 5.1, na ARC ya kawaida (njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka TV) vilevile. Unahitaji HDMI moja kwa moja hadi kwenye risiva, au eARC, toleo la ARC lenye uwezo mkubwa zaidi. Ukikosea hapa, mara nyingi kicheza muziki kitashusha kila kitu kuwa stereo bila kukuambia. Kama optiko ndiyo pekee uliyo nayo, bana mara moja tu, kutoka FLAC kwenda AC-3 ya 640. Usichukue ya 448 na kuipandisha, kwani kilichokwisha kutupwa hakirudi, na ubanaji wa pili unaongeza kelele yake.