Msipime kriki saa sita mchana

Walioniambia nipime maji ya Kriki ya Tudor, huu mkono wa bahari hapa Mombasa, saa sita mchana, maji yakiwa yamejaa ati mtumbwi usikwame, sijui kama washawahi kushika chupa ya sampuli. Nilipoteza mwezi mzima, ndo maana naandika hii.

Kazi ilikuwa kujua majitaka yanayoshuka huku Mikindani yanaongeza naitrojeni na fosforasi kiasi gani kwenye kriki, maana vikizidi mwani unashamiri, ukifa unaoza, na kule kuoza kunakula oksijeni ya samaki. Nilikuwa na vituo sita, kuanzia mlangoni upande wa Mji wa Kale mpaka ndani kwenye mikoko. Mtumbwi na mzee wa kupiga kasia kama elfu tatu na kitu kwa siku, mita ya kupimia oksijeni nikaazima.

Raundi ya kwanza fosfeti, yaani fosforasi ilivyo majini, ikatoka juu kila mahali. Kila mahali! Hata mlangoni, ambako ukitupa shilingi unaiona inavyozama. Mwenzangu akashangilia, uchafuzi tushaupata, andika ripoti. Mimi roho ikakataa, mlangoni na mikokoni palingane vipi? Usiku sikulala, nikawaza weee, ndo nikakumbuka zile chupa kijana mmoja alizisugua na sabuni ya unga mpaka zikanukia, na baadhi ya sabuni za unga zina fosfeti! Nilikuwa napima sabuni. Raundi ya pili chupa zote nikazilaza kwenye asidi hafifu ya haidrokloriki usiku kucha, nikasuuza na maji safi ya maabara mara tano sita, halafu chupa mbili nikazijaza hayo hayo maji ya maabara nikazunguka nazo mtumbwini, kila kituo nazifungua na kuzifunga kama zile nyingine. Zikitoka na fosfeti ujue mchafuzi ni wewe. Zikatoka safi! Mlangoni fosfeti ikashuka, ya mikokoni ikabaki juu pale pale. Siku hiyo nilifurahi hata njaa sikuisikia.

Na mchuje maji hapo hapo mtumbwini kisha barafuni, msingoje kufika nyumbani. Chumvi pia mpime kila kituo, la sivyo naitreti, yaani naitrojeni ilivyo majini, ikishuka hamtajua imetumika na mwani au imezimuliwa tu na bahari.

Sasa oksijeni. Mchana mwani unapata jua, unatoa oksijeni, utaapa maji ni mazima. Usiku jua hakuna lakini kila kilicho hai mle kinapumua. Mzee ndo aliyenifungua macho, aliniambia, "Mwanangu, samaki hapa huja juu kutweta alfajiri, si mchana." Ila kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hukuta maji yamejaa alfajiri, bahari imezimua kila kitu, kwa hiyo nikangoja maji mafu, yale madogo ya katikati, ndo kupwa huangukia saa hizo, tena maji mafu hayatembei sana, uchafu unatuama. Saa kumi na moja tuko mikokoni, giza bado, mzee anasukuma kwa upondo, mimi namulika mita kwa simu. Ikashuka, ikashuka, mpaka chini ya miligramu 2 kwa lita, na hapo samaki wengi hawastahimili. Mzee akachungulia akasema, "Si nilikwambia?" Mchana siku ile ile, mahali pale pale, ikasoma zaidi ya 7.

Mwezi wa tano masika yakikolea, mito ya Kombeni na Tsalu ikishuka na tope lake, tunarudi. Chupa nishaziloweka.